Mwosha Hasemi

Nitasema kweli yangu, japo mwenye kitabu ndiye mwanamume ninayempenda: kitabu kile kilinitia kinyaa. Nilipofika ukurasa ule nilikiweka chini, nikaenda uani nikatema mate karoni, kisha nikarudi nikakiokota tena. Hapo ndipo penye taabu. Kingekuwa kibovu toka mwanzo ningekitupa, nikaendelea na shughuli zangu. Kumbe kilikuwa kitamu!

Idarusi alikiita *Sanda ya Tongoni*. Ni kisa cha miaka mia sita iliyopita, wakati Tongoni ni mji wenye watu wake na msikiti wenye adhana, si magofu haya tunayopeleka wanafunzi kupiga picha. Mke wa tajiri, Mwana Aziza, anakutwa amekufa kitandani asubuhi ya Idi, na mlango umefungwa kwa ndani. Nani kamuua? Shemeji mwenye wivu? Mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja kutoka Kilwa? Yule mjakazi anayechekacheka ovyo? Nilisoma huku nasonga ugali, nikasoma maharage yakaungua, nikamjibu shangazi "abee" mara kadhaa bila kusikia alichoniitia. Idarusi alipowalisha watu wa Tongoni futari ya muhogo nilicheka peke yangu, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Pongwe, na najua muhogo enzi hizo ulikuwa haujavuka bahari. Nikasema moyoni, haya makosa ya jikoni nitamrekebisha tukishaoana. Kipaji anacho.

Halafu akaja mwosha maiti.

Huyo mwosha anaitwa Mwana Shali. Anamwosha marehemu, anamgeuza, na mgongoni, katikati ya mabega, anaona kovu la mviringo la kuungua, saizi ya kitako cha chetezo cha udi. Anamaliza kazi yake, anafunga sanda, kisha, lahaula! anatoka hadi uwanja wa msikiti, wanaume wamejaa, anapaza sauti kuwaeleza alichokiona mwilini mwa mwanamke mwenzake. Chetezo cha saizi ile kipo chumbani kwa mume tu, basi muuaji anajulikana, kumbe ni yeye. Watu wanashangilia. Idarusi kamsifu mwanamke huyo kurasa mbili nzima, eti ndiye jasiri wa mji.

Sasa ili unielewe, lazima uijue nyumba yetu. Shangazi yangu Mwamvua, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, ndiye mwosha maiti wa wanawake hapa Ngamiani, na mimi ndiye msaidizi wake. Mwosha ana macho, hana mdomo. Ndilo somo la kwanza alilonipa, kabla hajanifundisha kupasha maji wala kusaga karafuu maiti. Utakachokiona chini ya shuka kinazikwa na mwenyewe. Kama ana kidonda cha siri, hukukiona. Kama ana tumbo lisilo na mwenyewe, hukuliona. Hata sisi wawili tukishatoka chumbani hatuambiani neno. Kuosha kila mtu mzima hapa mtaani anajua. Sisi tunaitwa kwa sababu tunanyamaza.

Na kovu lile nimeliona kwa macho yangu. Si Tongoni, wala si miaka mia sita. Hapa hapa Ngamiani, mwaka juzi, mgongoni mwa Bi Najat, mama yake Idarusi.

Siku ile chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi. Mimi sikusema. Basi kasema nani? Wiki nzima nilimtazama shangazi kwa jicho la pembeni, naye akinitazama vivyo hivyo, maana alishasomewa kitabu na majirani mpaka mwisho. Na hakuna aliyeweza kumwuliza mwenzake. Utaanzaje? Kuuliza "ni wewe uliyesema habari ya lile kovu?" ni kulisema kovu lenyewe. Tukawa tunakula sinia moja kama wake wenza.

Posa ya Idarusi ilikuwa iletwe Ijumaa. Jumatano shangazi akaitwa Pongwe kwenye msiba, akarudi upesi mno, na mfuko wake wa vifaa haujafunguliwa.

"Wamenirudisha mlangoni," akasema.

"Nani?"

"Wenye maiti yao. Nimeambiwa, 'Bi Mwamvua usisumbuke, tumeshapata mwosha kutoka Muheza.' Haya, nikageuka niondoke. Nyuma ya pazia nikasikia mwanamke anasema, 'Bora aende. Ataona mambo ya mama yetu, amhadithie mkwewe, kesho tusomwe kitabuni.'" Akavua mtandio akautupa kitini. "Nasra, mimi kweli! Nimeosha mama zao na bibi zao. Leo nafukuzwa kama muuza dawa za uongo!"

Niliuokota mtandio nikaukunja.

"Ijumaa wasije," akasema.

"Shangazi!"

"Wasije. Sipokei posa ya mwanamume anayegeuza maiti kuwa sinema. Ukimtaka mtake, lakini si kupitia mlango huu."

Kwetu sisi nikiolewa bila shangazi kupokea posa, nimeolewa kama asiye na kwao. Nikamwambia, "Basi aitwe. Aulizwe mbele yako. Hata mwizi huulizwa."

"Mwite. Ajibu, kisha arudi kwao."

Idarusi hutengeneza simu kwenye kibanda chake barabara ya nane, na riwaya huandika humo humo, wateja wakipungua. Alifika alasiri ile ile na kapu la machungwa ya Muheza, amechana nywele, uso umemchanua. Masikini, alidhani anaitwa kupanga mambo ya Ijumaa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa." Siku zote humwita mwanangu. Siku hiyo hakumwita.

Akakaa kwenye mkeka pale uani, akanitazama. Ana mtazamo wake mmoja huyu kijana, Mungu amsamehe, huanzia mikononi mwako ukapanda taratibu mpaka usoni, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna kilichopungua tangu jana. Nikautamani na nikauchukia. Nilivuta mtandio nikatazama sufuria.

"Umemaliza kukisoma?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Kimekupendeza?"

"Mpaka sura ya nane. Kuanzia ya tisa kimenichefua."

Akacheka. "Kwa ajili ya futari? Nimeshaambiwa habari ya muhogo, nitaurekebisha."

"Nani kazungumza muhogo hapa? Nasema mwosha wako hana haya!"

"Mwana Shali? Nasra, yule ndiye shujaa!"

"Shujaa wa nini? Mwanamke kakabidhiwa mwili wa mwenzake, ameutoa uwanjani mbele ya wanaume. Kilichobaki ni kupitisha kapu watu watunze!"

"Lakini mtu kauawa. Ulitaka anyamaze?"

"Kitabuni mwako kuna kadhi. Umemweleza kuanzia ndevu mpaka viatu. Alishindwaje kwenda kwa kadhi, faragha, akasema naye peke yake? Wewe umemsimamisha kama mnadi samaki."

"Hilo la kadhi," Idarusi akasema polepole, "sikulifikiria."

"Ungelifikiria saa ngapi," shangazi akaingilia, "na wewe unatafuta makofi?" Akamweleza habari ya Pongwe, neno kwa neno, pamoja na yule mwanamke wa nyuma ya pazia. Nilimwona Idarusi akipungua pale mkekani. Uso wote wa furaha aliokuja nao ulikwisha.

"Wallahi sikujua, shangazi. Hakuna nilichofundishwa na nyumba hii. Maji, sanda, karafuu maiti, hayo kila mtu anayajua."

"Waeleze hao wa Pongwe."

Hapo nikaona nisipouliza leo sitauliza milele. "Lile kovu," nikasema. "Kitabuni. Umelitoa wapi?"

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Idarusi alinitazama, akamtazama shangazi, akanirudia mimi. "Kwa hiyo mnalijua."

"Sikusema nalijua. Nimeuliza umelitoa wapi."

"Nasra..."

"Nani kakwambia, Idarusi?"

"Hakuna aliyeniambia." Alianza kukuna ukingo wa mkeka kwa kidole. "Nani aniambie? Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Mama alipopata kiharusi kulikuwa na nani pale nyumbani? Sina dada, na baba alisema kumgeuza mgonjwa wa kike ni kazi ya wanawake, akaenda zake barazani kucheza bao. Nilimgeuza mimi. Nikimpaka mafuta mgongoni asiote vidonda, asubuhi na jioni. Nikaliona. Nikamwuliza, mama, hiki nini? Ulimi ulishakuwa mzito. Akasema, 'Baba yako.' Kisha akasema, 'Chetezo.' Akanishika mkono nisiulize zaidi."

Nikainua macho nikakutana na ya shangazi. Lo! Wiki nzima ya kutiliana shaka ikatutoka pale pale. Hakuna aliyeomba radhi. Radhi ya nini, na hakuna aliyekuwa amemtuhumu mwenzake kwa mdomo? Alishusha pumzi tu, akarudi kwenye mchele wake.

Ningependa kusema hasira yangu iliisha hapo. Haikuisha. Na yeye Idarusi yake ndiyo ilikuwa inaanza.

"Sasa niulize na mimi," akasema. "Siku ya msiba nilikaa nje, chini ya dirisha la chumba mlichokuwa. Nikisikia maji yanamwagwa. Nikajua sasa hivi wanamgeuza, sasa hivi wanaona. Nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, leo litasemwa. Mkatoka. Wewe Nasra ukapita mbele ya baba yangu, ukainama, ukamwambia shikamoo baba, pole kwa msiba. Pole! Nilikuwa nakupenda tangu zamani, lakini siku ile nilikuona kama mtu asiye na moyo. Nikachukia hata kukutazama."

Maneno yaliniingia mpaka mifupani. Nilimkumbuka baba yake, Mzee Badru, siku ile, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, machozi yanamtoka vizuri kabisa, watu wanamshika mabega. Na mimi nikaupokea mkono wake, nikaubusu. Mkono laini, wenye harufu ya marashi.

"Niliporudi nyumbani," nikamwambia, "nilisukutua mdomo kwa maji ya chumvi mpaka fizi zikatoa damu. Mkono nikausugua kwa jivu. Unajua hilo?"

"Nasra!" shangazi akanionya.

"Sijasema kitu, shangazi. Nimesema nilisukutua mdomo."

Idarusi akanyanyuka kwa magoti, anataka kunisogelea. Nilimwinulia kiganja.

"Kaa hapo hapo. Bado sijamaliza. Tajiri yule wa kitabuni, ana watoto?"

"Ana mmoja. Wa kiume."

"Anafanya nini?"

Akatazama kapu la machungwa.

"Nakuuliza, Idarusi. Mama yake ameuawa, baba yake ndiye muuaji, na yeye anajua toka sura ya tatu, wewe mwenyewe umeandika kwamba anajua. Anafanya nini yule mtoto?"

"Analia," akasema.

"Analia! Kitabu kizima analia, mpaka mwanamke wa watu atoke amsemee. Hiki ndicho kinachonichefua kuliko yote. Nilidhani ni Mwana Shali, kumbe ni huyu mlizi. Wewe ulijua kabla yangu. Mdomo unao, na mama alikuwa wako. Mimi nilishika amana, ukataka niivunje kwa niaba yako. Niliponyamaza ukaenda miaka mia sita nyuma kutafuta mwosha mwingine wa kukusemea, na huku mimi na shangazi yangu tunageuzwa milangoni!"

"Ni baba yangu, Nasra." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Hujui ilivyo. Nikimwona tu, mimi nina miaka saba tena. Kwenye karatasi naweza. Mbele yake siwezi."

"Ameshakisoma kitabu?"

"Baba? Anasema riwaya ni mambo ya wanawake."

Ningemhurumia. Kusema kweli nilimhurumia, nilitamani kumfuta uso kwa upindo wa khanga yangu, nimlaze kichwa magotini na dunia nzima ituache. Nakupenda jamani, ndivyo moyo ulivyokuwa unapiga kelele. Lakini niliibana khanga, nikabaki nilipokaa.

"Na Ijumaa," nikamwuliza, "posa inaongozwa na nani?"

Ni baba yake. Nilikuwa najua, alikuwa anajua, shangazi alikuwa anajua.

"Mkono ule ule," nikasema. "Uje uweke posa yangu juu ya mkeka huu. Halafu niubusu kila sikukuu, niutilie maji ya kunawa, niupakulie wali, nizae watoto niwape waubusu na wao. Ndivyo?"

"Sasa nifanye nini? Mila ni baba kuongoza."

"Mimi nakutaka, Idarusi. Nakutaka mpaka nimekonda, muulize shangazi. Lakini mkono ule hauvuki kizingiti hiki. Ukija na baba yako Ijumaa, utakuta mlango umefungwa, na safari hii si shangazi atakayekuwa ameufunga. Nitakuwa nimeufunga mimi."

"Nimwambie sababu gani?"

"Mwandishi mzima, huna maneno?"

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akaenda, sauti ikaishia kona. Kisha Idarusi akatoa simu mfukoni. Akabonyeza namba, akaweka spika, akaiweka simu chini kwenye mkeka katikati yetu, labda asipate nafasi ya kuikata.

"Ehee, Idarusi!" Sauti ya Mzee Badru ilitoka nzito na ya bashasha. "Nimemwambia fundi amalize kanzu kesho. Na wewe usisahau viatu, usinitie aibu kwa wakwe."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vipi?"

"Baba, Ijumaa usije."

"Nisije wapi?"

"Kwenye posa. Usije."

Mzee akacheka. "Una homa, mwanangu? Nani aongoze posa kama si mimi? Wamekwambia nini hao? Wameongeza mahari?"

"Hawajaongeza kitu." Idarusi alifumba macho. "Usije kwa sababu ya mgongo wa mama."

Kicheko kikakatika. Kwa nyuma kulisikika redio, mtangazaji wa mpira anapiga makelele, kisha mtu akaizima. Tulimsikia mzee akipumua. Shangazi alikuwa amekumbatia ungo kifuani.

"Nani kakwambia?" Sauti ilikuwa nyingine kabisa sasa, ya chini, ya mtu asiyejulikana hapa mtaani. "Ni hao waosha, sivyo? Ni hao wanawake?"

"Hapana, baba," akasema Idarusi. "Waosha hawakusema. Nimesema mimi."

Simu ikakatwa upande wa pili.

Idarusi aliitazama ile simu kana kwamba itamuuma. Hakuna aliyemgusa. Mimi siwezi kumgusa, hajanioa. Na shangazi si mtu wa kugusagusa watu. Ila aliuweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri, akamsogelea mpaka akawa amesimama juu yake.

"Mama yako alikuwa na kaka," akasema. "Nakumbuka alibeba jeneza upande wa mbele. Yu hai?"

"Mjomba Tahiri. Yupo Pangani."

"Basi Ijumaa aje yeye, baada ya sala. Na wewe mwanangu, kitabu chako hicho nisikione ndani ya nyumba yangu."

Akaenda zake jikoni na mchele. Idarusi akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, majirani wanasikia, na mimi sikumnyamazisha.